Geuza Nyuma Usome: Kadi za Maduka ya Picha na Swali la Songea

Utangulizi

Katika semina moja ya uhakiki nilileta mezani picha ya nyumbani kwetu Matogoro, Songea, nikaomba tuisome kama tunavyosoma shairi au hadithi fupi. Mwenzangu mmoja, ambaye kwa kawaida namheshimu sana kwa hoja zake, akasema: "Hiyo wapelekee watu wa historia. Hapa sisi tunahakiki maandishi." Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini nilipokuwa nairudisha picha kwenye bahasha nikagundua kwamba muda wote ule hakuna hata mmoja wetu aliyeigeuza nyuma. Na nyuma ndiko yaliko maandishi.

Makala haya ni jibu langu kwa mwenzangu huyo. Nitajaribu kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kadi za posta za zamani zilizotolewa na maduka ya kupiga picha ni maandishi kamili. Zina watunzi, zina walengwa, zina fani na maudhui. Tukizisoma hivyo zinatueleza habari za biashara ya picha katika nchi yetu ambazo sura na mandhari za upande wa mbele hazituelezi. Pili, kadi hizo ni matangazo ya biashara, na mhakiki anayelisahau hilo atadanganywa, kama nilivyodanganywa mimi. Nitaanzia pwani, kwa kuwa huko ndiko kadi nyingi zilikotolewa na ndiko majina ya wenye maduka yanakojulikana. Kisha nitarudi nyumbani Songea na kuuliza kwa nini sisi wa huku hatumo.

Kadi ilivyokuwa bidhaa

Tuanze na kitu chenyewe. Postikadi rasmi ya kwanza duniani ilitolewa na posta ya Austria mwezi Oktoba 1869. Mwezi uliofuata, Novemba 1869, ulifunguliwa Mfereji wa Suez, na safari ya meli kutoka Ulaya kuja pwani yetu ikawa fupi. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini biashara ninayoizungumzia iliyategemea yote mawili. Kadi ilimpa msafiri njia rahisi ya kuandika nyumbani. Meli ilimleta msafiri mwenyewe mpaka mlangoni mwa duka. Kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie ilianzishwa 1890, na abiria aliyeteremka Zanzibar kwa saa chache tu alitaka kitu cha kutuma kwao kuonyesha kwamba naye amefika.

Nani alimwuzia? Hapo ndipo yanapojitokeza majina. Kwa upande wa Zanzibar tunawakuta A. C. Gomes, Pereira de Lord na ndugu wa Coutinho. Hawa walikuwa Wagoa, Wakatoliki waliotoka katika koloni la Wareno huko Bara Hindi. Kwa upande wa Dar es Salaam, wakati wa Wajerumani, tunawakuta Carl Vincenti na Walther Dobbertin. Kwa sehemu kubwa majina haya yametufikia kwa sababu yamechapwa kwa herufi ndogo pembeni au mgongoni mwa kadi. Wenyewe hawakuwa wanaandika historia. Walikuwa wanatafuta wateja.

Lakini tahadhari. Kadi nyingi za aina hiyo hazikuchapwa hapa. Picha ilipelekwa Ulaya, mara nyingi Ujerumani ambako viwanda vya kuchapa kadi vilikuwa vimeendelea sana, kisha mzigo wa kadi ukarudi kwa meli na kupangwa dukani. Kadi ya Zanzibar ilikwisha kuvuka bahari mara mbili kabla ya mteja kuigusa, na akiituma ilivuka mara ya tatu. Kwa hiyo tunaposema "kadi ya Gomes" tuwatofautishe watu wanne: aliyepiga picha, aliyeitoa kadi, aliyeichapa, na aliyeiuza. Pengine wote ni mtu mmoja. Mara nyingi si mmoja. Wakusanyaji wa kadi wanajua kwamba picha ileile yaweza kukutwa chini ya majina ya wenye maduka wawili, kwani negativu ziliuzwa na kurithiwa, na kazi za watu zilinakiliwa bila haya.

Katika uhakiki tumezoea kuuliza, "Msimuliaji ni nani, na mtunzi ni nani?" Tunajua hawa si kitu kimoja. Basi mwenye duka ni msimuliaji wa kadi. Anasema, "Hii ni yangu." Mhakiki asikie anachosema, lakini asimwachie neno la mwisho.

Fani: jina la duka na mgongo wa kadi

Hebu tutazame majina yenyewe kama tunavyotazama majina ya wahusika. Gomes alijiita "Gomes & Co.", yaani Gomes na wenzake. Coutinho walijiita ndugu. Kwa maneno mawili tu tumeshaambiwa jinsi biashara ilivyosimama: hii ni mali ya ukoo, mtaji na ujuzi vinakaa ndani ya familia, na mteja anaombwa aliamini jina la nyumba. Sasa linganisha na Capital Art Studio, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na baadaye kuendelezwa na mwanawe Rohit Oza. Hapa jina la ukoo limefichwa kabisa. Yamebaki maneno matatu, na kila neno ni dai. "Capital" linadai mji mkuu. "Art" linadai kwamba kinachouzwa si karatasi bali sanaa. "Studio" linadai mahali maalumu, penye taa na pazia, si mtu na kamera yake barabarani. Kati ya jina la kwanza na la pili biashara imebadilisha lugha ya kujitambulisha: kutoka "tuamini sisi" hadi "njoo mahali hapa". Sisemi kwamba maduka yote yalibadilika hivyo. Nasema tu kwamba majina yanatupa swali ambalo sura zilizo mbele hazitupi.

Tuje kwenye mgongo wenyewe. Mwanzoni, kwa sheria za posta, upande huo ulikuwa wa anwani tu. Aliyetaka kuandika salamu aliziandika mbele, juu ya picha au pembeni yake, ndiyo maana katika kadi za zamani sana unakuta wino umetambaa angani juu ya minazi. Kisha mgongo ukaruhusiwa kugawanywa kwa mstari: kulia anwani, kushoto salamu. Uingereza iliruhusu hivyo mwaka 1902, Ujerumani mwaka 1905. Kwa hiyo mstari ule mdogo wa katikati, ambao tunaupita bila kuuona, ni kama tarehe. Kadi ya Kijerumani yenye mgongo uliogawanywa kwa kawaida si ya kabla ya 1905.

Dalili nyingine zipo tele kwa anayejua kutazama. Stempu za koloni la Wajerumani zilihesabiwa kwa pesa mpaka mwaka huohuo wa 1905, kisha zikahesabiwa kwa heller. Tahajia nayo inasema. Wajerumani waliandika "Daressalam" kwa neno moja, na Songea wakaiandika "Ssongea", kwa S mbili, kwa sababu S moja mbele ya irabu kwao husomwa karibu na Z. Baada ya vita ya 1914–1918 biashara za Wajerumani zilichukuliwa kama mali ya adui, na majina yao yakatoweka kwenye maduka. Halafu majina ya nchi: Tanganyika Territory kuanzia 1920, Tanganyika huru kuanzia Desemba 1961, na Tanzania kuanzia Oktoba 1964. Jina la nchi lililo chini ya anwani ya duka ni ushahidi wenye nguvu kuliko vazi la aliyepigwa picha, kwani suti yaweza kuazimwa. Tena mara nyingi ilikuwa mali ya studio yenyewe, imetundikwa nyuma ya pazia kwa ajili ya kila mteja.

Maudhui: wenye majina na wasio na majina

Nimeutaja mwaka 1905 mara mbili, kwa mgongo wa kadi na kwa stempu. Nyumbani kwetu mwaka huo una maana nyingine. Julai 1905 vita vya Majimaji vilianza Umatumbi, na kabla mwaka haujaisha Wangoni walikuwa wameingia. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 walinyongwa Songea, mahali ambapo leo pana Makumbusho ya Majimaji. Miaka hiyohiyo ndiyo miaka ya shamrashamra ya postikadi duniani. Kadi za Kijerumani zilipenda kufungua kwa maneno "Gruss aus", yaani "Salamu kutoka". Salamu kutoka Dar es Salaam, salamu kutoka Afrika Mashariki. Siulizi kama mwenye duka alikuwa na chuki. Naona tu kwamba fani aliyoichagua, fani ya salamu, haikuwa na nafasi ya kuingiza habari ile. Wahakiki tunapenda kuuliza kazi imesema nini. Kadi inatulazimisha kuuliza fani yenyewe inaruhusu nini kusemwa.

Jambo hili linaonekana hasa katika maelezo yaliyochapwa chini ya picha. Sultani anatajwa kwa jina. Jengo la serikali linatajwa kwa jina. Mwenye duka, kama tulivyoona, anajitaja kwa jina na mtaa. Lakini mwanamke aliyesuka nywele, mchukuzi, askari, kijana mwenye mkuki, hao mara nyingi wanatajwa kwa kabila au kwa kazi: Mswahili, Mngoni, mpagazi. Mtu mmoja aliyesimama mbele ya kamera siku moja anageuzwa kuwa aina ya watu. Kibiashara ilikuwa na maana, kwani aina inauzika miaka kumi, na mteja wa Hamburg hana haja na jina la mtu asiyemjua. Lakini matokeo yake yametufikia mpaka leo.

Wapo watakaoniambia nakuza mambo. Basi tukumbuke kwamba tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na kizazi cha Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la nduna huyo ambalo inaaminika lilipelekwa Ujerumani. Ndugu zake wanajua jina la wanayemtafuta. Tatizo liko upande wa pili, kwenye maghala ambako mifupa iliandikwa kabila na mahali, bila jina. Tabia ya kuandika aina badala ya mtu haikuanzia dukani kwa mpiga picha, wala haikuishia hapo. Kadi ni mahali pamoja tu ambapo tunaweza kuiona ikifanya kazi mchana kweupe, kwa bei ya kadi moja na stempu.

Kutoka pwani kwenda bara

Sasa nije kwenye swali langu. Tukitegemea kadi za maduka kama ushahidi, historia tutakayoandika itakuwa ya wapi? Itakuwa ya Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, bandari ambako wasafiri walinunua kadi, wakazipeleka Ulaya, na huko zikatunzwa kwenye albamu na baadaye kwenye maktaba. Si ajabu basi kwamba vitabu muhimu vya miaka ya karibuni juu ya upigaji picha wa kwetu, cha Heike Behrend cha mwaka 2013 na cha Prita Meier cha mwaka 2024, vyote viwili vimebeba neno "pwani" katika majina yao. Siwalaumu waandishi hao, kwani mtafiti hufuata ushahidi ulipo. Lakini sisi wa bara tukae tukingoja wageni watuletee kadi za Songea kutoka mnadani? Songea haikuwa na bandari wala reli. Mgeni aliyefika huku alikuwa mmisionari wa Peramiho, ambako Wabenediktini walianza kazi 1898, au ofisa wa boma, au mfanyabiashara. Soko la kadi za salamu lilikuwa dogo mno.

Mtu anaweza kuhitimisha, na mimi mwenyewe niliwahi kuhitimisha hivyo, kwamba huku hapakuwa na biashara ya picha ya kusimulia. Hilo ni kosa, na chanzo chake ni kutojua kwamba neno postikadi lilipofika kwetu lilibadili kazi. Kwa mzungu wa melini, postikadi ni kitu cha kutuma. Kwa mzee wangu wa Matogoro, postikadi ni saizi. Ukienda studio unaulizwa: unataka pasipoti au postikadi? Pasipoti ni ile ndogo ya kitambulisho. Postikadi ni ile ya inchi tatu na nusu kwa tano na nusu, ya kuweka kwenye fremu au kumpelekea mchumba ndani ya bahasha. Viwanda vya karatasi za picha vya Ulaya na Marekani vilikuwa vimezoea kutengeneza karatasi ya saizi hiyo ikiwa tayari imepigwa mgongoni maneno ya kadi ya posta na mstari wa katikati. Mwenye studio alinunua karatasi hiyo, akasafishia picha za wateja wake. Hivyo studio ya mji mdogo wa bara, ambayo haikuwahi kutoa kadi hata moja ya mandhari, ilitoa postikadi kila siku. Hazikwenda posta. Zilikwenda ukutani, sandukuni, na katikati ya kurasa za Biblia.

Hizo ndizo kadi za biashara za Songea. Maktaba za Ulaya hazinazo. Sisi tunazo.

Picha ya Matogoro

Nirudi sasa kwenye ile picha niliyoileta semina. Roland Barthes, katika kitabu chake juu ya picha, anaizungumza sana picha ya mama yake alipokuwa mtoto, lakini haionyeshi. Anasema kwetu itakuwa picha kama picha nyingine. Mimi nitafanya kama yeye kwa upande wa mbele. Itoshe kusema ni bibi yangu mzaa mama, amesimama, na mkono wake uko juu ya kiti. Kwa wasomaji wa jarida hili, mambo yako nyuma.

Nyuma kuna mikono minne. Mkono wa kwanza ni wa kiwanda: maneno "POST CARD" na mstari wa katikati, kwa wino mwepesi wa kijivu. Mkono wa pili ni wa studio: muhuri wa mpira, wino wa zambarau, na ndani yake "...TUDIO", kisha "S.L.P.", kisha "SONGEA – TANZANIA", na chini yake sentensi moja, "Ukitaka nakala taja namba." Mkono wa tatu ni wa fundi wa chumba cha giza: namba ya negativu kwa penseli, imeandikwa haraka. Mkono wa nne ni wa nyumbani, kalamu ya bluu, neno moja: "Ukumbusho".

Nikiri kosa langu. Nilipoigeuza mara ya kwanza niliona "POST CARD" kwa Kiingereza, nikasema moja kwa moja kwamba hii ni picha ya wakati wa mkoloni. Nikaandika hivyo hata kwenye kazi yangu ya semina. Kumbe niliusoma mkono wa kwanza nikadhani ndio wote. Kiwanda hakijui Songea iko wapi. Karatasi yake inasema Kiingereza popote inapokwenda na inaweza kukaa dukani miaka. Aliyenisahihisha si mhadhiri, ni mama mkubwa. Nilimsomea muhuri kwenye simu, akasema: "Mwanangu, mkoloni gani huyo anayeandika Tanzania?" Nilinyamaza. Jina hilo halikuwepo kabla ya Oktoba 1964. Tena ile "S.L.P." badala ya "P.O. Box" inaelekeza zaidi upande wa miaka baada ya 1967, serikali ilipohimiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, ingawa kwa hilo siapi, maana mtu angeweza kuchonga muhuri wa Kiswahili mapema. Mama mkubwa akaongeza kwamba walikwenda mjini kupigwa picha msimu wa malipo ya tumbaku, "ushirika ulipokuwa bado ni ushirika". Chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo kilianza 1936, na vyama vikuu vyote vya ushirika nchini vilivunjwa 1976. Basi picha ipo kati ya mwisho wa 1964 na 1976. Si tarehe, ni kipindi, lakini ni kipindi chenye miguu miwili: mmoja umesimama kwenye muhuri, mwingine kwenye kumbukumbu ya mtu aliyekuwepo.

Angalia sasa historia ya biashara iliyotokea bila mtu kuikusudia. Tumejua kwamba Songea ilikuwa na studio yenye sanduku la posta, maana yake mwenyewe alitegemea barua, labda za kuagiza karatasi na dawa. Tumejua alitunza negativu kwa namba, maana yake alikuwa na daftari na alitarajia mteja arudi. Tumejua pesa ya picha ilitoka kwenye tumbaku, kwa hiyo studio nayo ilikuwa na msimu wake. Yote hayo kwa muhuri mmoja, namba moja na sentensi moja ya mama mkubwa.

Na ile sentensi ya studio, "Ukitaka nakala taja namba"? Wenzangu wa fasihi, hapa msinipite. Migongoni mwa picha za studio za Ulaya za karne ya 19 ilikuwa kawaida kukuta tangazo la namna hiyo: negativu zimehifadhiwa, nakala zinapatikana wakati wowote. Ni usemi wa kazi, kama "Hapo zamani za kale" ulivyo usemi wa hadithi. Umesafiri miaka zaidi ya mia, ukapita bandarini, ukapanda milima, ukafika Songea ukiwa umevaa Kiswahili. Lakini haukufika vilevile. Tangazo la Ulaya linaeleza: nakala zinapatikana. La Songea linamsemesha mtu: wewe, ukitaka, taja. Ni sauti ya mtu aliye kaunta akizungumza na mteja anayemwona. Mfasiri wa sentensi ile, yeyote aliyekuwa, alifanya kazi ya lugha, na mimi naona anastahili kusomwa kama tunavyowasoma wafasiri wengine.

Kilichokatwa

Msomaji makini ameshaona kwamba sijataja jina la studio. Sikulificha. Limekatwa. Miaka kadhaa iliyopita ndugu yetu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliipeleka picha kwa fundi wa fremu. Fremu ilikuwa ndogo, fundi akapunguza ukingo kwa mkasi. Mbele hakuna kilichoharibika, bibi yuko kamili na kiti chake. Nyuma liliondoka jina la mwenye studio, ikabaki "...TUDIO", ikaondoka na namba ya sanduku la posta. Kwa kukata milimita chache tulimtoa mpiga picha katika historia.

Nimeanza kuuliza majumbani, na hadithi ni ileile. Picha zimegundishwa kwenye albamu kwa gundi, mgongo hausomeki tena. Au zimelaminishwa pamoja na kadibodi nyuma. Au zimepigwa picha kwa simu, upande wa mbele tu, zikasambazwa kwenye kundi la ukoo, kisha ile ya karatasi ikatupwa kwa kuwa "tunayo kwenye simu". Hata taasisi kubwa hazina nafuu sana. Desemba 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani iliweka maelfu ya picha zake kwenye intaneti, zikiwamo nyingi za Dobbertin, na kila mwanafunzi mwenye simu anaweza kuzitazama. Ni jambo jema. Lakini tunazipata kama picha, si kama kadi. Duka halionekani tena.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha nazo ziliundwa, kwa karatasi iliyoagizwa, kwa dawa, kwa muhuri, na kwa mtu aliyefungua mlango asubuhi akingoja wateja. Ushahidi wa uundaji huo uko upande tunaoutupa.

Hitimisho

Mwenzangu wa semina alisema tuwaachie watu wa historia. Mimi nasema kazi hii ni yetu kabla ya kuwa yao. Kutambua nani anasema, kutenganisha sauti nne zilizobanana kwenye karatasi moja, kujua usemi upi ni wa kawaida na upi umebadilishwa, kushuku msimuliaji bila kumtukana: hayo ndiyo tunayofundishwa sisi. Mwanahistoria akipewa muhuri uliosomwa vibaya, kama nilivyousoma mimi mwanzoni, ataandika historia mbaya.

Wala sidai kwamba mgongo wa kadi utatueleza yote. Hautatuambia bibi alikuwa anafikiri nini. Hautatuambia nani hasa alishika kamera siku ile, mwenye studio au kijana wake. Ni tangazo, na tangazo halimtaji mfanyakazi. Ila linatupa mahali pa kuanzia kuuliza, na kule Songea waliopigwa picha miaka hiyo na waliowapiga wapo bado wachache wanaoweza kujibu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu ni dogo. Likizo ijayo, ukifika nyumbani, uwe wa Songea, Sumbawanga au Singida, omba ruhusa kwa wazee, toa picha kwenye fremu taratibu, geuza, nakili kila neno kama lilivyo, hata yaliyokatika. Usimalizie herufi kwa kubahatisha. Mimi ile yangu nimeiandika "...TUDIO", nikaacha nafasi mbele yake. Mama mkubwa amesema dada yake wa Peramiho alipigwa picha siku ileile, na yake haikuwahi kuwekwa kwenye fremu.

Nitakwenda kuigeuza.